Gari la Cheo

Mganga hajigangi. Mhusika wa kisa hiki ni mhasibu wa miaka 41 ambaye kwa miaka 15 kazi yake imekuwa kuwaonyesha wengine walipokosea hesabu, na hesabu iliyotaka kumponza ilikuwa yake mwenyewe. Jina, mji na sarafu nimeviacha kando. Mshahara unaoingia mkononi mwake kila mwezi baada ya makato yote tuuite 100, na kila kiasi kingine kipimwe kwa huo. Msomaji anaweza kuweka wake hapo na hesabu ikaenda sawa.

Kabla ya kupandishwa cheo kuwa mkuu wa idara ya fedha, alikuwa akipokea 80. Hizo 80 zote zilikuwa na kazi: kodi ya nyumba 22, chakula na matumizi ya nyumbani 22, ada za watoto wawili 14, wazazi na ndugu 8, mafuta na matengenezo ya gari 8, akiba 6. Hakuwa na deni. Benki alikuwa na akiba ya 240. Gari lake lilikuwa na miaka 17, limechujuka rangi, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kutoka nje tu. Cheo kipya kilimwongezea 20.

Barua ya cheo ilitoka Jumatatu. Ijumaa ya wiki ile ile mwenzake alimkuta anaegesha, akamwambia huku anacheka, "Mkuu, na hili bado lipo?" Jumapili mdogo wake wa kiume akauliza, "Dada, ukienda kuonana na wateja unaliegesha wapi?" Mama yake alichelewa kidogo kusema, ila aliposema ndiye aliyemchoma kuliko wote: "Mwanangu, mimi sitaki watu waseme umepewa cheo cha jina tu."

Nilimwomba anikumbushe maneno yote aliyoambiwa kuhusu gari katika wiki mbili zile, neno kwa neno kadiri awezavyo. Tulipata sentensi 14. Hakuna hata moja iliyomwamuru anunue. Yalikuwa maswali, utani, na zile hongera zenye mkia. Lugha yetu ina ufundi wa kuamrisha bila kuamrisha, na ndiyo sababu mtu akishanunua ataapa kwamba uamuzi ulikuwa wake peke yake. Hasemi uongo. Hakumbuki kusukumwa kwa sababu hakuna aliyemwekea mkono mgongoni.

Wiki ya tatu alikuwa ameshachagua gari: jipya, kubwa, bei yake 1,800, yaani mishahara 18. Kianzio kilikuwa asilimia 20, sawa na 360. Gari la zamani lingeuzwa kwa 200, zilizobaki 160 zingetoka kwenye akiba. Deni la 1,440 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka likilipwa kwa miaka 5 lilikuwa na rejesho la 33.5 kila mwezi. Hapo alisita. Muuzaji, bila hata kubisha, akalinyoosha deni hadi miaka 7, rejesho likashuka hadi 27.

Sikiliza sasa jinsi mhasibu alivyojishawishi. Nyongeza ni 20. Akiba ya kila mwezi ni 6, itasimama kwa muda. Jumla 26. "Na 1 nitaikosaje?" Aliniambia hivyo kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyefunga hesabu za mwisho wa mwaka zikalingana. Mkopeshaji naye aliridhia upesi, na kuridhia kwake kukawa ushahidi mwingine kwamba gari analimudu. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Mkopeshaji hupima kama utalipa. Utakachoacha kununua ili umlipe hakimhusu.

Kwa hiyo kabla ya sahihi alikuwa na familia inayomtakia mema, wenzake wanaomtania, muuzaji mwenye tarehe ya mwisho wa bei, na karatasi ya mkopeshaji. Wote walielekea upande mmoja.

Mtu wa kwanza kuelekea upande mwingine alikuwa mke wa yule mdogo wake. Walikuwa jikoni wanasafisha vyombo, na mhusika alikuwa anamweleza kuhusu rejesho. Mwenzake akamuuliza, bila nia yoyote ya kupinga, "Wifi, hiyo 27 ni ya gari tu, au na mafuta yake?"

Hakuwa amehesabu mafuta. Hakuwa amehesabu bima kubwa, ambayo gari la mkopo haliwezi kukosa: asilimia 4 ya bei kwa mwaka, yaani 6 kila mwezi. Mafuta na matengenezo ya gari kubwa yangepanda kutoka 8 hadi 13. Gari la 27 lilikuwa gari la 38, na yeye alikuwa na 26. Pengo la 12 kila mwezi, kwa miaka 7, na akiba iliyobaki benki ni 80.

Ukiuliza mhasibu aliwezaje kutoyaona hayo, utakuwa umekosa kiini cha kisa. Hesabu hizo angezifanyia mteja kwa dakika 10. Tatizo halikuwa hesabu. Alipofika kwa muuzaji alikuwa ameshaamua, akawa anatafuta namba za kumuunga mkono, na mtu anayetafuta namba ya kumuunga mkono husimama pale anapoipata. Alipata 27, akasimama.

Kuna jaribio maarufu alilofanya mwanasaikolojia Solomon Asch mwaka 1951. Mtu mmoja aliketishwa na wenzake ambao, bila yeye kujua, walikuwa wameagizwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja kuhusu urefu wa mistari iliyochorwa wazi mbele yao. Robo tatu ya waliojaribiwa walikubali uongo huo angalau mara moja, na kwa jumla karibu theluthi ya majibu yao yalifuata kundi. Sehemu hiyo hunukuliwa sana. Mimi napenda zaidi kilichofuata: mtu mmoja tu katika kundi alipotoa jibu sahihi, makosa ya kufuata kundi yalishuka hadi takriban robo ya yalivyokuwa. Haikuhitajika hotuba wala wapinzani kumi. Alitosha mmoja, kama wifi yule na sahani yake mkononi.

Hadi hapo ungedhani kisa kinaelekea kwenye ushauri unaotolewa kila mahali: achana na maneno ya watu, kaa na gari lako. Mhusika mwenyewe alielekea huko. Alikasirika, akamwambia mdogo wake kwamba hataki kusikia tena habari za gari, akasema ataliendesha lile la zamani hadi liozee barabarani.

Nilimwambia huko nako ni kuendeshwa na watu. Anayenunua kwa sababu wamesema na anayekataa kununua kwa sababu wamesema, wote wawili wamewaachia wengine usukani. Ushauri wa "usijali watu watasema nini" siupendi kwa sababu nyingine pia: watu wanaotusema mara nyingi wanajua kitu. Mwaka 1955 wanasaikolojia Morton Deutsch na Harold Gerard walitenganisha njia mbili ambazo kundi humvuta mtu. Ya kwanza ni kutaka kukubalika nao. Ya pili ni kuamini kwamba wao wana habari ambayo wewe huna. Kwenye maneno ya ndugu na marafiki njia hizi mbili huja zimesukwa pamoja kama kili, na kazi ni kuzifumua. Wahenga wa siku hizi wana maneno yao kuhusu hilo: akili za kuambiwa, changanya na zako. Hawakusema zitupe.

Tukazirudia zile sentensi 14. Kwa kila moja tuliuliza swali moja: ukiondoa jinsi nitakavyoonekana, kuna kilichobaki? Sentensi 9 zilibaki tupu. "Na hili bado lipo?" haina kitu ndani. Ya mama, kwa uzito wake wote, haina kitu kuhusu gari. Ina hofu, na hofu hiyo inastahili kujibiwa, lakini kuijibu kwa mishahara 18 ni ghali mno. Zikabaki 5. Kati ya hizo, 4 zilisema jambo lile lile kwa namna tofauti: gari limezimika njiani mara mbili mwezi huu, gari linavuta upande mmoja ukishika breki, juzi ulichelewa kikao, watoto wanaogopa kupanda. Ya 5 ilihusu vipuri kuwa adimu.

Mdogo wake, yule aliyeambiwa anyamaze, ndiye aliyekuwa amesema habari ya breki. Aliisema katikati ya utani mwingine, ikapotea humo.

Fundi alithibitisha. Breki za mbele zilikuwa zimekwisha, bomba moja la mafuta ya breki lilikuwa linavuja. Matengenezo yalikuwa 15, yakafanyika siku hiyo hiyo. Fundi akaongeza kwamba injini inaweza kwenda mwaka mmoja, miwili kwa bahati, na zaidi ya hapo yeye asingewapakia watoto wake. Basi swali lilibadilika. Mwanzoni lilikuwa "ninunue gari la cheo au nisinunue?" Sasa likawa: nahitaji gari la kuaminika ndani ya mwaka mmoja, nifike kwake vipi bila kuvunja nyumba?

Lilibaki suala la cheo. Je, ni kweli kwamba mkuu wa idara anahitaji gari la namna fulani? Hilo linaweza kuwa habari au linaweza kuwa shinikizo lililovaa tai, na kuna njia rahisi ya kujua: kumuuliza mwenye kazi. Alimuuliza bosi wake moja kwa moja. Bosi alionekana kushangaa swali. Hakuwa anajua anaendesha nini. Alichokumbuka ni kile kikao alichochelewa.

Sikushangaa sana. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaaibisha kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua picha iliyokuwa kwenye fulana. Walioitambua kweli walikuwa kama robo. Tunajiona tumesimama kwenye mwanga kuliko tulivyo, na bili ya taa hiyo tunailipa wenyewe.

Aliwahi kuniambia kwamba "kila mtu pale ofisini ananunua." Nilimwomba awahesabu. Wakuu wa idara na manaibu wao walikuwa 11. Waliobadilisha gari mwaka ule walikuwa 3, na kwa kadiri alivyojua, 2 kati yao wamekopa. Hata hivyo simcheki. Watatu wanaoonekana kila asubuhi mbele ya jengo ni wengi kuliko wanane ambao hawajabadilisha chochote, maana kutokununua hakuna umbo, hakuegeshwi mahali. Nchini Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezwa kwa namba za posta, ambapo mtaa mmoja hushinda kwa pamoja na gari jipya huwa sehemu ya zawadi. Wachumi walioichunguza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliona kwamba hata majirani wasioshinda walielekea zaidi kununua magari. Kanada nako watafiti walifuatilia majirani wa washindi wa bahati nasibu: kadiri ushindi ulivyokuwa mkubwa, ndivyo majirani waliotangaza kufilisika walivyoongezeka, na waliofilisika walikuwa wamelundika zaidi mali za kuonekana kama magari, si fedha. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na siku hizi vingine vimekopewa. Jirani haoni karatasi ya mkopo.

Tulichofanya baadaye naona ndicho chenye faida kuliko yote, na hakikuhitaji ujasiri wowote. Kabla ya kukopa, alijaribu kulipa. Alifungua akaunti ya pembeni, na kila mshahara ulipoingia alihamisha 38 kana kwamba gari tayari lipo nje. Nilitaka afanye hivyo kwa miezi 6.

Mwezi wa kwanza aliweza, kwa kubana matumizi ya nyumbani. Aliona fahari, na nadhani kwa siku chache aliamini kwamba mimi na wifi yake tulikuwa waoga. Mwezi wa pili aliweza kwa kusogeza sehemu ya ada. Mwezi wa tatu shule ilidai, baba yake akahitaji dawa, na ilibidi arudi kwenye akaunti ile kuchukua 20. Hakumaliza miezi 6. Hakuna aliyehitaji kumwambia lolote. Tena kilikuwa kipindi cha kawaida kabisa, bila msiba wala ugonjwa mkubwa. Kama deni lingekuwa la kweli, angebakiza miezi 81.

Baada ya hapo alishuka hadi 26, kile kiasi alichokuwa nacho kweli, akakilipa miezi 9 bila kukosa. Jumla ya mwaka ilikuwa 328. Akiba ya awali, ikishatolewa 15 za breki, ilikuwa 225. Gari la zamani liliuzwa kwa 170. Ikawa 723. Alinunua gari lililotumika miaka 5, la ukubwa wa kati, kwa 620, akabaki na 103 benki na hana deni. Bila akiba ya miaka ya nyuma asingefika, hilo lazima lisemwe. Mwenye akiba sifuri na gari bovu angelazimika kufikiria njia nyingine, labda mkopo mdogo wa muda mfupi, na sioni aibu ndani yake.

Mwaka ule wa kungoja ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu maswali hayakukoma. Alipokuwa akijieleza kwa mahesabu alishindwa. Kila namba aliyotoa ilipata mjuzi wa kuibishia: kuna mahali riba ni nafuu, kuna mtu alipata kwa bei ndogo, uza kiwanja. Kujieleza sana ni kuwakaribisha watu mezani pa uamuzi. Akabadilisha. Kwa wenzake alitumia sentensi moja isiyobadilika: "Nimepanga mwakani." Haina cha kubishia. Inakiri kwamba jambo lipo, inataja muda, inafunga. Waliotania waliendelea kutania kidogo, kisha wakapata mtu mwingine.

Kwa mama yake sentensi hiyo isingefaa, ingekuwa utovu wa adabu. Alikwenda kumuona, akaketi naye, akamwambia, "Mama, uliyoyasema nimeyasikia. Gari lilikuwa na hatari na nimelitengeneza. Kubwa jipya nikilinunua sasa, mchango wangu hapa nyumbani ndio utakaoyumba kwanza. Naomba unipe mwaka." Mama hakuridhika papo hapo. Ila aliacha kulitaja, na mdogo wake anasema alimsikia akimjibu mgeni mmoja kwamba binti yake ana mipango yake. Kwa mdogo wake alilazimika kuomba radhi kwa ukali wa siku ile, na kumshukuru kwa breki. Nadhani hilo lilimgharimu kuliko maneno mengine yote.

Rafiki mmoja alipoa. Yule aliyekuwa akimtumia picha za magari aliacha kutuma picha, kisha akaacha kutuma salamu. Mhusika anaamini ni kwa sababu ya gari. Mimi sina hakika, inawezekana urafiki ulikuwa umechakaa tangu zamani na gari likapewa lawama. Vyovyote vile, ni hasara na aliisikia.

Gari jipya kwake, la zamani kwa mwingine, alianza kwenda nalo kazini siku ya Jumatatu. Aliegesha mahali pale pale pa kila siku. Yule mwenzake wa "na hili bado lipo" alipita kando yake asubuhi ile, na kesho yake, na wiki nzima. Ilikuwa karibu wiki ya tatu aliposimama, akaliangalia, akamuuliza, "Kumbe ulibadilisha gari? Lini?"